Mtoto ana homa na madoa, pesa ni kidogo: kipimo kipi kilipwe kwanza Bukavu?

Karatasi inatoka kwa daktari na vipimo saba: NFS (hesabu ya chembe za damu), VS na CRP (vipimo vya damu vya uvimbe mwilini), ASLO (kipimo cha bakteria wa koo), mkojo, ekografia ya moyo, na chini kabisa biopsi (kipande cha mwili kinachokatwa kupimwa) yenye alama ya kuuliza. Mzazi amekuja na pesa ya viwili, akijibana sana vitatu. Anasimama mbele ya dirisha la malipo, mtoto mgongoni, na swali analomuuliza anayepokea pesa ni moja tu: "Papa, hapa cha bei ya chini ni kipi?" Analipa hicho, analipa na kinachofuata kwa bei, anarudi ndani. Kipimo ambacho mtoto alikihitaji kimebaki kwenye karatasi.

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Bukavu. Naandikia wazazi, na pia wenzangu wa vituo vya afya vya Bagira, Kadutu, Kabare na Walungu, ambao ndio wanaomwona mtoto kwanza. Ninalinganisha vipimo vinavyotumika kutafuta ugonjwa unaotutoa jasho kuutambua: kuvimba kwa mishipa ya damu kwa watoto, ambao madaktari wetu wanauita vaskulariti. Msimamo wangu nautoa mapema. Mara nyingi kipimo cha bei nafuu kinachorudiwa kinasaidia kuliko cha bei kali kinachofanywa mara moja. Ila kuna mtoto mmoja ambaye kwake kubana pesa ni hatari, na kwake nitakaa kwa muda.

Kwa nini ugonjwa huu unajificha

Katika vaskulariti, kinga ya mwili inageukia kuta za mishipa ya damu na kuzishambulia. Ukuta unavimba, kisha damu inavuja, au njia inaziba, au ukuta unalegea na kutanuka. Kwa kuwa karibu kila sehemu ya mwili ina mishipa, dalili zinaweza kutokea popote: kwenye ngozi, tumbo, figo, moyo, kichwa. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachojibu ndiyo au hapana. Daktari anakusanya dalili, anaongeza vipimo viwili vitatu, anaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine.

Kwetu kuna ugumu wa ziada, kwamba kila dalili ina mwenyewe tayari. Homa ni malaria. Vipele ni surua, na tangu mlipuko wa Kamituga, hapa jimboni kwetu, wa mwaka 2023, ni mpox. Tumbo ni tifoidi. Viungo vikiuma ni SS, yaani selimundu, au ni ASLO. Kukonda ni kifua kikuu. Lazima nikiri kwamba mara nyingi majibu hayo ni sahihi: mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo yetu, wengi wao wadogo. Anayemtafutia mtoto wa Bukavu ugonjwa adimu kabla ya kumaliza ya kawaida anapoteza muda. Lakini ukishaangalia ya kawaida, ukatibu, na mtoto bado yuko palepale, kurudia dawa ileile kwa mara ya tatu nako ni kupoteza muda. Na madoa ya damu chini ya ngozi yakija pamoja na tumbo kuuma, wapo watakaosema mtoto amepewa karuho, yaani sumu ya kuwekewa na mtu, apelekwe kutapishwa. Mtoto huyo anarudi kwetu siku chache baadaye akiwa amekauka maji mwilini, na dalili zake zimechanganyika na za dawa alizonyweshwa.

Uchaguzi wa kwanza unaanzia hapa, kwenye malaria. Mtoto amemaliza dozi ya siku 3, homa haijashuka, TDR (kipimo cha haraka cha malaria) ya pili inasema chanya. Wengi wanaanza dozi nyingine. Aina ya TDR inayotumika sana inatafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kati ya TDR ya pili na tone nene la kuangaliwa kwa darubini, lipa tone nene. Linaonyesha kama kuna vimelea sasa hivi. Likiwa safi, malaria imejibiwa na mnaweza kuendelea mbele.

Jambo jingine linalotuharibia kazi ni sindano ya dexa, yaani deksametasoni, inayochomwa kwenye maduka ya dawa ili homa ishuke haraka. Inashuka kweli. Pamoja nayo zinapungua dalili ambazo daktari angezitumia, na CRP inashuka wakati ugonjwa unaendelea chinichini. Kama mtoto ameshachomwa, sema. Hakuna atakayekugombeza, na habari hiyo inabadilisha namna matokeo yanavyosomwa.

Homa ndefu: VS, CRP, au ekografia ya moyo?

Huyu ndiye mtoto niliyemtaja. Ana umri chini ya miaka 5. Homa imefika siku ya 5, paracetamol inaishusha kidogo tu, antibiotiki haikufanya kitu. Analia bila kubembelezeka. Macho yote mawili ni mekundu lakini hayatoi usaha. Midomo imepasuka, ulimi ni mwekundu na una vipele vidogo vilivyosimama. Ana vipele kiwiliwili na kwenye kinena. Viganja na nyayo vimevimba. Shingoni, mara nyingi upande mmoja, kuna tezi ya sentimita 1.5 au zaidi. Homa ya siku 5 pamoja na dalili nne kati ya hizo tano, yaani macho, mdomo, vipele, mikono na miguu, tezi, inatosha kuuita ugonjwa wa Kawasaki, kama hakuna kingine kinachoeleza hali yake vizuri zaidi. Jina linatoka kwa Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani, aliyemwona mgonjwa wa kwanza mwaka 1961 na kuandika kuhusu watoto 50 mwaka 1967. Tusidanganyike na jina. Ugonjwa unawapata watoto wa kila taifa, nasi tunapaswa kuufikiria.

Uweke kando ya surua uone tofauti. Mtoto wa surua anakohoa, ana mafua, macho yanatoa machozi na tongotongo, ndani ya mashavu kunaweza kuonekana vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi, na vipele vinaanzia usoni na nyuma ya masikio vikishuka chini. Wa Kawasaki kwa kawaida macho yake ni makavu, na vipele havina mpangilio huo. Mpox inaleta malengelenge ya maji yanayogeuka usaha. Kawasaki haileti malengelenge. Mtoto mdogo wa SS anaweza kuvimba mikono na miguu, lakini mdomo wake hauwi mwekundu namna ile. Na kama mtoto alikuwa anakunywa amoksisilini vipele vilipotoka, watu watasema ni mzio wa dawa, wataikatisha, halafu watasubiri. Kusubiri huko kunaweza kumla siku tatu ambazo hana.

Ngozi nyeusi inaficha wekundu, na picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwa mtoto wetu ninaangalia kwanza mahali ambapo rangi haifichi: ulimi, midomo kwa ndani, viganja, nyayo. Kisha ninatafuta kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Likiwa limevimba, limekuwa jekundu au limepata ganda upya miezi kadhaa baada ya chanjo, hiyo ni dalili inayoelekeza sana kwenye Kawasaki, hasa kwa mtoto mchanga. BCG inatolewa kwa watoto wetu mara wanapozaliwa, kwa hiyo watoto wengi wana kovu hilo, na kulitazama hakugharimu kitu.

Dalili hizi haziji zote siku moja. Macho yanaweza kuwa mekundu Jumatatu na kuwa safi Alhamisi, siku ambayo vidole ndiyo vinavimba. Daktari wa Alhamisi anaona dalili mbili tu. Ngozi inayobambuka kuzunguka kucha, ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi anaikumbuka, inatokea wiki ya pili au ya tatu, wakati dirisha la dawa limeanza kufungwa. Ndiyo maana simu ya mzazi ina thamani kubwa: picha ya macho ya Jumatatu, yenye tarehe, inahesabiwa kama dalili.

Sasa vipimo. VS inapima jinsi chembe nyekundu za damu zinavyoshuka ndani ya bomba kwa saa moja. Iko karibu kila mahali na bei yake ni ya chini. Kasoro yake kwetu ni kwamba upungufu wa damu unaipandisha hata bila ugonjwa mwingine, na watoto wenye upungufu wa damu kwa sababu ya malaria au minyoo wamejaa wodini. Kwa mtoto wa SS inafanya kinyume, inabaki chini hata akiwa mgonjwa sana. CRP haiyumbishwi na upungufu wa damu. Inapanda ndani ya saa chache na kushuka haraka mtoto akipona, kwa hiyo inafaa pia kufuatilia. Kati ya hizo mbili, kwa mtoto wa Bukavu, mimi ninachagua CRP. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unaweka mpaka wa miligramu 30 kwa lita kwa CRP, na milimita 40 kwa saa kwa VS, pale dalili za Kawasaki zinapokuwa pungufu. CRP nayo ina mpaka wake: haitofautishi Kawasaki na nimonia. Inasema tu kuna moto, bila kusema umewashwa na nani.

NFS ilipwe pamoja na CRP. Inaonyesha chembe nyeupe, upungufu wa damu na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chembe sahani katika Kawasaki zinapanda baada ya siku ya 7, mara nyingi zikipita 450,000, kwa hiyo zikiwa za kawaida siku ya 4 zisimtulize mtu.

Kisha ekografia ya moyo. Bei inapanda hapa, na hapa ndipo nakataa kubana. Kawasaki inashambulia koronari, mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu. Bila matibabu, karibu mtoto mmoja kati ya wanne anapata mshipa uliotanuka, na mshipa huo unaweza kuziba akiwa bado mtoto au akiwa kijana. Dawa ni imunoglobulini ya kupitia mshipa, gramu 2 kwa kila kilo ya mtoto, kwa mara moja, ndani ya siku 10 za kwanza za homa. Inashusha hatari hiyo hadi karibu watoto 4 au 5 kwa mia. Mtoto wa kilo 12 anahitaji gramu 24, yaani chupa tano za gramu 5. Ni ghali, na haipatikani kila duka la dawa, kwa hiyo familia inatakiwa kuanza kuitafuta mara tu daktari anapoitaja. Usingoje karatasi ya mwisho itoke.

Ekografia ya leo au ya wiki ijayo? Inategemea dalili. Zikiwa kamili, dawa haingojei ekografia, inaanza. Zikiwa pungufu, ekografia ya leo ndiyo inayoamua, basi ilipwe leo hata kama VS, ASLO na vingine vyote vitasubiri. Ikitoka safi katika siku za mwanzo, haijafunga kesi, kwa sababu kutanuka mara nyingi kunaonekana baadaye. Utaratibu mzuri ni mara tatu: wakati wa kutambua ugonjwa, wiki ya 1 hadi ya 2 baada ya dawa, na wiki ya 4 hadi ya 6. Familia nyingi zinalipa ya kwanza kwa taabu na kuacha zilizobaki kwa kuwa mtoto anacheza. Kama mtalazimika kupanga, mpange na daktari mapema, na ile ya mwisho msiikose.

Upime uzito na urefu wa mtoto kabla ya ekografia. Mshipa wa milimita 3 kwa mtoto wa miaka 12 unaweza kuwa wa kawaida. Kwa mtoto wa miezi 8 ni mshipa uliotanuka. Bila vipimo hivyo viwili, anayeshika mashine hawezi kulinganisha na mwili wa mtoto. Pia uliza kabla ya kulipa: je, anayefanya ekografia huwa anapima koronari za watoto? Ekografia inayosema tu kwamba moyo unapiga vizuri haikujibu swali lako.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni hatari zaidi, kwa sababu anaweza kuwa na homa peke yake bila macho wala ulimi. Homa ya siku 7 isiyoelezeka kwa umri huo inatosha kuomba CRP, na CRP ikiwa juu, ekografia.

Mwenye zamu ya chanjo naye ajue: mtoto aliyepata imunoglobulini, chanjo yake ya surua inasogezwa miezi 11, kwani dawa hiyo inaizuia chanjo kufanya kazi. Kama surua imeingia mtaani, daktari anaweza kuamua achanjwe mapema kisha arudiwe baadaye. Iandikwe kwenye kadi yake.

Madoa ya miguu na tumbo: mkojo au biopsi?

Chukua glasi safi ya maji, ile ya kioo kinachopitisha mwanga. Igandamize juu ya doa kwenye mguu wa mtoto, utazame kupitia kioo. Kipele cha kawaida kinafifia. Doa la damu iliyovuja linabaki palepale. Kwenye ngozi nyeusi sana, fanya hivyo karibu na nyayo, au geuza kope la chini uangalie ndani.

Madoa hayo yakiwa na homa kali, mtoto amelegea, anatapika au shingo imekaza, hakuna kulinganisha vipimo. Inaweza kuwa meninjokoki, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ndani ya damu. Achomwe antibiotiki katika kituo kilekile, apelekwe hospitali mara moja, malipo yaongelewe baadaye.

Mtoto mwingine ana madoa yaliyoinuka kidogo ukiyapapasa, yako miguuni na matakoni, anatembea, viungo vya kifundo au goti vinauma, tumbo linamkata kwa vipindi. Umri ni kati ya miaka 3 na 10 hivi, na wiki chache nyuma alikuwa na mafua. Hiyo ni sura ya vaskulariti ya IgA (aina ya kingamwili), inayojulikana pia kama purpura ya Henoch na Schönlein, na ndiyo vaskulariti inayoonekana zaidi kwa watoto. Madoa yanayopapasika pamoja na maumivu ya tumbo, au viungo, au figo kuguswa, yanatosha kuutambua. NFS moja inahitajika kuhakikisha chembe sahani ziko sawa. Zikiwa chini, ni ugonjwa mwingine.

Biopsi ya ngozi wazazi wanaiona kama kipimo kikubwa kinachomaliza ubishi. Kwa mtoto mwenye sura hiyo kamili, haihitajiki. Na ikihitajika, ina masharti yake: ichukuliwe kwenye doa jipya la siku moja au mbili, na kipande cha kutafutia IgA kisiingizwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande, kwa sababu formalini inaharibu kipimo hicho. Kipande kikisafiri kibaya, familia imelipa, mtoto ana kidonda, jibu ni "haitoshi kusoma". Niulizwe mimi, pesa hiyo iende kwenye mkojo.

Kinachobaki kuwa hatari baada ya madoa kufutika ni figo. Inaweza kuharibika bila maumivu yoyote. Bandeleti ya mkojo, kijiti cha kuchovya, inaonyesha damu na protini kwa dakika moja, presha inapimwa palepale. Fanya kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kwa nafasi zaidi hadi miezi 6 itimie. Karibu wote ambao figo zao zitaguswa wanaonekana ndani ya muda huo. Hilo linaweza kufanyika Bagira au Walungu bila kupanda gari kuja mjini. Ugumu ni kurudi: mtoto anakimbia, madoa yamekwisha, na kwa macho ya familia ugonjwa umeisha. Wenzangu, tarehe za kurudi ziandikwe zote siku ileile ya kwanza, kwenye fishi na kwenye simu ya mzazi. Protini ikijaa au presha ikipanda, sasa daktari wa figo anaweza kuomba biopsi ya figo, na hiyo ina sababu ya kulipwa.

Tumbo lina mtego wake. Kwa baadhi ya watoto linaanza kuuma siku nyingi kabla ya doa la kwanza, hata wiki mbili. Mtoto anatibiwa tifoidi kwa jibu la Widal, au anapelekwa kupasuliwa apendisi. Kati ya kurudia Widal na ekografia ya tumbo, chagua ekografia, kwa sababu katika ugonjwa huu utumbo unaweza kuingia ndani ya utumbo, na mashine inaona hilo. Vua nguo za mtoto wote, hata soksi. Doa moja kwenye tako linabadilisha uamuzi wa daktari wa upasuaji.

Msichana anayekonda: kifaa cha presha au skana?

Takayasu ni vaskulariti ya mishipa mikubwa: aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na matawi yake. Inapata zaidi wasichana wanaobalehe na wanawake vijana. Daktari wa macho Mikito Takayasu aliieleza Japani mwaka 1908, na hadi leo inachelewa kutambuliwa kila mahali, kwa kuwa mwanzo wake ni uchovu, homa ndogondogo, kukonda na kichwa kuuma. Kwetu msichana huyo anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Mantoux, kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, inaweza kuwa chanya na isieleze kila kitu, maana katika eneo lenye kifua kikuu kingi wengi wana Mantoux chanya, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Skana ya mishipa ndiyo inayothibitisha. Bila picha ya mishipa, daktari hawezi kuweka jina hilo kwa mtoto. Lakini kinachomfanya mtu afikirie kuiomba ni vidole vya muuguzi na kifaa cha presha. Shika mapigo ya mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Pima presha mikono yote miwili na miguu yote miwili. Tofauti ya zaidi ya 10 kati ya mkono na mkono, au mapigo yasiyopatikana upande mmoja, au presha ya juu kwa mtoto asiye na ugonjwa wa figo unaojulikana: huyo apandishwe ngazi. Kitambaa cha presha kiwe cha saizi ya mtoto. Cha mtu mzima kwenye mkono mwembamba kinatoa namba za chini za uongo. Katika vituo vingi ninavyovijua kuna kitambaa kimoja tu, cha mtu mzima. Cha mtoto kingenunuliwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na skana, na kamati za afya zinazotafuta cha kununua zianze nacho.

Katikati kuna ekografia ya Dopla ya shingo. Haina mionzi, bei yake ni ya kati, inaonyesha ukuta wa mshipa wa shingo ukiwa umenenepa. Aota iliyo ndani ya kifua haiioni vizuri. Ninaiona kama hatua nzuri kabla ya skana, kwa familia inayosita. Na VS ya kawaida isimfukuze mtoto huyu. Takayasu inaweza kuendelea VS ikiwa tulivu.

ASLO na ANCA

ASLO inasema mtoto aliwahi kukutana na bakteria wa koo, streptokoki. Watoto wengi wamekutana naye. ASLO ya juu peke yake haimaanishi homa ya baridi yabisi, wala haielezi madoa ya miguuni, na kuna watoto wanaochomwa penisilini kila mwezi kwa sababu ya namba hiyo moja. Kama pesa ni ya vipimo viwili, ASLO isiwe kati yake.

ANCA, kipimo cha damu cha kingamwili, inafaa kwa mtoto mwenye pua inayotoka damu na kuziba kwa muda mrefu, mapafu yanayovuja damu, au figo zinazoharibika haraka. Kwa mwenye homa tu, inaweza kutoka chanya kwa sababu ya maambukizi, kifua kikuu kikiwamo, na kumpeleka kila mtu njia isiyo yake.

Kubaki Bukavu au kuvuka Ruzizi kwenda Rwanda?

Kwa vaskulariti ya IgA yenye mkojo safi, baki. Hakuna utakachopata Kigali ambacho bandeleti na presha ya kila wiki hazikupi hapa.

Kwa Kawasaki, kwanza uliza kama ekografia ya koronari na imunoglobulini vinapatikana hapa ndani ya siku mbili. Vikipatikana, baki. Visipopatikana, na mpaka uko wazi, vuka mtoto akiwa bado ndani ya siku 10. Ukifika siku ya 11 na homa bado ipo, bado nenda, dawa inaweza kutolewa. Uliza mutueli yako, bima ya afya ya jamii, mapema inalipa nini nje ya mji, kwa maandishi. Barabara ya msitu wa Nyungwe ni ndefu kwa mtoto mwenye homa. Beba maji na paracetamol, na usimpe ibuprofeni kama ameanzishiwa aspirini, kwa sababu ibuprofeni inapunguza kazi ya aspirini.

Kwa Takayasu una wiki, huna miezi. Tumia wiki hizo kupanga safari moja yenye skana na daktari wa kuisoma siku zilezile, badala ya safari mbili.

Kabla ya kuondoka, daftari au karatasi moja iwe na haya: siku ya kwanza ya homa kwa tarehe, na kiwango cha juu kilichopimwa, kila dawa aliyopewa na siku yake, pamoja na sindano za mtaani na dawa za miti shamba, uzito na urefu, chanjo za mwisho, presha ya mikono na miguu, matokeo ya mkojo yote, hata yaliyokuwa safi. Picha za simu zibaki na tarehe zake, usizitume kwa njia inayozifuta. Na namba ya simu ya muuguzi aliyemwona mtoto mwanzo iandikwe juu ya karatasi hiyo, kwa sababu daktari wa huko atataka kuuliza macho yalikuwaje siku ya tatu.